Breki za Gari la Mume Wangu

Siku hizi wapo vijana wanaokusanya magari ya zamani, wanayapaka rangi upya, kisha wanayapanga uwanjani hapa Nyeri ili watu wapigwe picha nayo. Mmoja wao alinionyesha gari la Kiingereza la rangi ya krimu, viti vya ngozi, usukani mkubwa mwembamba, akanifungulia mlango. "Keti hapo cucu, feel free," akaniambia, kama anayeongea na bibi yake. Niliketi. Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kukanyaga breki polepole na kuishikilia, nikiusikiliza mguu wangu. Haikuzama. Kijana akacheka, akaniuliza kama niliwahi kuwa makanika. Nikamwambia niliwahi kuwa mke wa mtu mwenye gari kama hilo. Alidhani ni mzaha, nami sikumsahihisha.

Mume wangu alilinunua lake kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shamba upande wa Naro Moru, miaka michache baada ya Uhuru. Nasema "alilinunua" kwa mazoea tu. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa ndani yake pia, lakini kadi iliandikwa jina lake, na hakuna aliyeona ajabu. Yeye alikuwa afisa wa mifugo, kazi yake ikiwa Doldol huko kwa wafugaji. Jumatatu alfajiri gari la serikali lilimchukua, Ijumaa jioni likamrudisha. Kwa hiyo gari letu lilikaa juma zima chini ya banda la mabati, safi, limefunikwa turubai, kama bibi harusi anayesubiri.

Ufunguo aliuning'iniza kwenye msumari sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeuona. Alipenda sana kuuonyesha. "Mimi si mtu wa kizamani," alikuwa akiwaambia wageni huku akinywa chai niliyopika. "Ufunguo ndio huo. Mama watoto ako na leseni. Akitaka kwenda town, aende." Wake za wenzake walinitazama kwa wivu. Nilikuwa na leseni kweli, na mtihani niliupita mara ya kwanza, kwa gari la shule ya udereva lenye breki za kawaida.

Mara ya kwanza nilipouchukua ufunguo ule nilikuwa nashuka kuelekea mto Chania. Nilikanyaga breki taratibu, jinsi nilivyofunzwa, na mguu ukashuka na pedali mpaka sakafuni. Gari likaendelea na safari yake kana kwamba sikuwemo. Nilivuta hendibreki, nikarudisha gia, nikaliingiza kwenye ua wa kaiyaba wa watu. Miiba ile ililikwaruza ubavu mzima. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni na mizigo mgongoni walisimama wakashika viuno.

Ijumaa mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakunikaripia hata kidogo, na watu wakamsifu kwa hilo. Aliketi kwenye usukani, akaniendesha hadi mahali pale pale, akakanyaga breki haraka haraka, pu, pu, pu, na gari likasimama. "Umeona? Hii gari inajua mwenyewe," akasema. Kuanzia hapo hadithi ya mwalimu na kaiyaba ilisimuliwa kila tulipoalikwa. Aliisimulia vizuri, akiniiga hadi macho yalivyonitoka. Nilicheka pamoja nao, kwa sababu mwanamke asiyecheka anapotaniwa huonekana ana roho mbaya.

Ningeliacha gari lile lioze chini ya turubai lake kama si macho ya mama yangu.

Mama aliishi Kangema, kwenye mteremko wenye majani chai hadi mlangoni. Alianza kwa kugonga vikombe. Kisha nikamwona akigeuza kichwa kizima ili kumtazama mtu aliyekaa kando yake. Daktari wa macho katika hospitali ya Nyeri alimpima, akaniita pembeni. Presha ya macho, alisema. Kilichokwisha kupotea hakitarudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, na kwa kupimwa kila mwezi ili dawa iongezwe au ipunguzwe. Kliniki ilikuwa Jumatano peke yake, na namba ziligawiwa asubuhi mapema. Ukichelewa, unarudi mwezi ujao.

Basi la kutoka Kangema liliwashusha watu Murang'a, wakapanda jingine hadi Karatina, na jingine tena hadi Nyeri. Ukifika, namba zimekwisha zamani. Na kulala kwangu usiku wa kuamkia kliniki mama hangekubali. Kwetu hilo ni jambo la thoni, ile heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama mzazi halali kwa binti yake aliyeolewa, wala haketi peke yake garini na mkwe wake, magoti yao karibu kugusana, njia nzima. Mama alikuwa mtu wa kanisa, lakini juu ya thoni hakusikiliza hata mchungaji. Mtu wa kumleta alikuwa mmoja tu, mimi. Na Jumatano gari lilikuwa limelala bandani.

Nilimwambia mume wangu yote haya. Akasema, "Tutaona." Nikamwambia breki itengenezwe. Akasema, "Breki iko sawa. Ni wewe hujui kukanyaga."

Nilikuwa nafundisha sayansi. Nilikuwa nawaambia watoto wa darasa la sita kwamba kitu hakiharibiki kwa uchawi wala kwa jinsia ya aliyekishika. Basi siku moja baada ya shule nilivaa kanzu ya zamani, nikaondoa turubai.

Nilianza na kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti. Kilikuwa kimejaa hadi kwenye alama. Nikatandika gunia, nikalala chali, nikapapasa paipu zote na upande wa ndani wa kila tairi. Pakavu. Mafuta hayakuwa yakimwagika popote. Nikaketi kwenye usukani nikakanyaga. Hewa ikiingia kwenye paipu, pedali hunesanesa kama godoro, hilo nilikuwa nalijua tangu shule ya udereva. Hii haikunesa. Nilipoikanyaga kwa nguvu ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilipoikanyaga taratibu na kuishikilia, ilizama polepole, polepole, mpaka chini.

Nililitazama jambo hilo mpaka nikakumbuka pampu yetu ya baiskeli. Ngozi yake ya ndani ilikuwa imelika, na ukisukuma pole pole upepo ulipita kando yake ukarudi nyuma, lakini ukisukuma kwa ghafla tairi lilijaa. Ndivyo hivyo. Kulikuwa na raba mahali fulani iliyolika, na mafuta yalikuwa yakiipita kando. Kwa kuwa hayakutoka nje, mahali penyewe ni pale yanaposukumwa na pedali, masta silinda. Nilifurahi peke yangu bandani, mikono ikiwa na grisi hadi viwikoni. Nilitaka kuwa na mtu wa kumwambia.

Nikaenda kwa makanika aliyekuwa akilihudumia gari letu, mtu aliyehamia kutoka Magharibi, gereji yake ikiwa chini ya soko. Nilimweleza dalili moja baada ya nyingine. Alinisikiliza huku akijifuta mikono kwa kitambaa, akijifuta tena na tena, hata niliona si grisi anayoifuta.

"Mwalimu, hiyo maneno yote ni kweli," akasema mwishowe. "Raba ya masta imekwisha. Bwana yako anajua."

"Anajua?"

"Nilimwambia kitambo, kabla ya ile mambo ya kaiyaba. Niko na raba mpya hapa, nilimwambia, ni kazi ya nusu siku. Akacheka. Akaniambia wacha hivyo hivyo, ati hiyo ndio kufuli yake."

Ningependa kusema nilipiga kelele. Nilisimama tu pale nikiufikiria ule ufunguo msumarini. Watu wengine huficha ufunguo. Mume wangu aliutundika mbele ya wageni akasifiwa, kwa sababu alijua gari halitakwenda popote. Na kama ningekufa pale kwenye mteremko, angekuwa mgane mwema aliyemruhusu mkewe kuendesha. Hasira niliyoipata siku ile haijaniisha hadi leo, na sitaki iishe.

Nikamwambia makanika aje atie raba hizo. Alikataa. "Mimi ni mgeni hapa Nyeri, mwalimu. Nikigusa gari ya mtu na hayuko, kesho hakuna mtu ataniletea kazi." Nikamwambia basi nitafungua mwenyewe, hata nikiharibu. Akafikiri. Akasema hiyo haitamzuia yeye kupita kwangu kusalimia.

Alikuja Jumanne mchana, shule zikiwa zimefungwa. Alileta raba na spana, akaziweka chini, kisha akatia mikono yote miwili katika mifuko ya ovaroli yake na hakuitoa tena. Ili akiulizwa, aweze kuapa kanisani kwamba mikono yake haikugusa. Alinielekeza kwa kidevu. "Hiyo nati ya paipu, pole pole, usiivunje. Weka mkebe chini. Sasa hizo bolti mbili. Toa pini ya pedali." Nilipochoka na kutaka anisaidie, alitazama mlima.

Masta silinda ilitoka, nzito, chafu, ndogo kuliko nilivyoidhania. Nilitoa kile kichuma cha mviringo kinachoifunga, nikasukuma pistoni nje, na raba ikatoka nayo. Ukingo wake ulikuwa umelika ukawa mviringo, kama kisigino cha kiatu cha mtoto. Alinifanya niingize kidole cha mwisho ndani ya silinda nipapase kama kuna mikwaruzo, maana ikiwa imechimbika, raba mpya haitasaidia kitu. Ilikuwa laini. Nilitaka kuosha kwa petroli, akapiga kelele. Petroli huvimbisha raba. Tukaosha kwa mafuta ya breki yenyewe, yaani nikaosha mimi, nikatia raba mpya, mdomo wake ukitazama mbele, nikafunga kila kitu.

Ilibaki kutoa hewa, na hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye tairi. Alisita. "Mguu si mkono," akasema, akapanda akaketi. Nilianza na tairi la mbali, nikifungua na kufunga, mpaka mafuta yakaja bila mapovu. Kisha nikaketi mimi. Nikakanyaga taratibu, nikashikilia. Haikushuka hata unywele. Nililia, na makanika akajidai anatafuta spana.

Kesho yake nilikwenda Kangema alfajiri. Barabara ile ni mgongo baada ya mgongo, unapanda unashuka, daraja chini, kona juu, na kila nilipokanyaga gari lilinitii. Mama, niliyekuwa nimempelekea ujumbe, alinisubiri barabarani amevaa nguo ya kanisani. Alikaa mbele karibu nami, akashika mkanda wa mlango, akaniambia hajawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Tulipata namba. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda, lakini daktari aliridhika na la kulia. Tukala mandazi kwenye benchi la hospitali tukicheka kama wasichana, na kabla ya jioni nilikuwa nimemrudisha kwake. Ilikuwa siku nzuri kuliko ya harusi yangu, nasema bila aibu.

Ijumaa nilimwambia mume wangu. Sikumficha kitu. "Nimetia raba mpya kwenye masta silinda. Usikanyage kama zamani." Alinitazama, akaangua kicheko. "Wewe? Utengeneze breki?" Akaendelea na chakula.

Jumapili tuliwabeba wazee wawili wa kanisa. Mmoja alikaa mbele na kofia yake, mwingine nyuma nami. Tulipolikaribia lango la kanisa, mume wangu alifanya alivyozoea, akaupiga mguu wa kwanza wa ile pu pu pu yake kwa nguvu zote. Gari likasimama palepale. Mzee wa mbele akagonga kioo kwa kofia, kofia ikabonyea hadi puani. Wa nyuma akamwangukia mume wangu shingoni, Biblia na yote. Watu waliokuwa wakiingia kanisani wakageuka.

"Kai! Breki ni mpya leo? Nani alikutengenezea?" mzee wa mbele akauliza akiitafuta miwani yake.

"Ni mimi," nikasema.

Wazee wale hawakuwa na ubaya. Walicheka tu, wakasema mwenye gari sasa atahitaji kufunzwa na mkewe, na baada ya ibada walikuwa wamewaambia wengine. Hadithi ya kaiyaba ilikuwa imepata mwenzake. Mume wangu alitabasamu hadi tukafika nyumbani. Hakunigusa wala hakuinua sauti, na ufunguo aliurudisha msumarini kama kawaida. Nikadhani ameshindwa. Nilimhurumia, hata.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa shuleni, nikampelekea mama ujumbe kupitia mwanamke wa kanisa, asubiri barabarani Jumatano, alfajiri. Nilitoka na gari bila kupima chochote. Ningepima nini, kazi ya mikono yangu mwenyewe? Getini nilikanyaga kwa ghafla kumpisha ng'ombe, likasimama. Kwenye mteremko wa Chania nikakanyaga taratibu, na pedali ikaanza kuzama.

Nililisimamisha kwa gia na hendibreki, nikaketi na injini imezimwa. Kulikuwa kunapambazuka. Niliikanyaga tena na tena pale nilipokuwa, taratibu, kila mara ikizama, mpaka nikaelewa. Kisha nikaligeuza, nikalirudisha bandani kwa gia ya kwanza.

Nilishuka gerejini, na makanika hakuweza kunitazama usoni. "Alikuja mwenyewe Jumamosi. Akaniambia rudisha ile raba ya zamani. Nilimwambia itaua mtu, haki ya Mungu nilimwambia. Akaniuliza itaua nani, na mwenye kuendesha ni yeye?" Raba ile nilikuwa nimeiacha kwenye mkebe bandani. Sikujua kitu kama hicho kinaweza kumfaa mtu tena.

Ijumaa nilimuuliza mume wangu, kabla hajavua koti. Alishangaa kwamba nashangaa. "Ilikuwa inashika sana," akasema. "Nimeirudisha vile nimezoea. Gari ni ya wawili, ama?"

"Na mama?"

"Mama aje na basi kama mama za watu wengine."

Utaniuliza kwa nini sikuitengeneza tena. Nilijiuliza swali hilo mwenyewe kwa miaka. Ningeweza, nilikuwa nimejua kila nati. Lakini gari lilikuwa langu siku tano na lake siku mbili, na katika siku hizo mbili angeweza kufanya alivyotaka chini ya boneti, bila neno, akitabasamu. Ningekuwa nafungua silinda kila Jumanne kabla ya kumpandisha mama. Na siku moja ningechoka, au ningechelewa, tukiwa juu ya mgongo wa Kangema, yeye akiwa amekaa mbele ameshika ule mkanda. Breki ukishaitilia shaka si breki tena. Sikumtia mama yangu ndani ya gari lile.

Siku ile alisubiri barabarani hadi jua likawa kali. Mwanamke wa kanisa aliniambia mama hakulalamika, alisema gari lina mwenyewe, akarudi kupalilia. Nilikodi gari la mtu mara mbili, kisha mshahara ukakataa. Mabasi yalimfikisha amechelewa, akarudishwa, akafikishwa amechelewa tena. Dawa iliyotolewa kwa kipimo cha zamani aliitumia mpaka ikaisha, kisha akakaa bila. Jicho la kulia lilimwacha mwaka uliofuata, katika msimu wa mvua ndefu. Aliniambia lilikwenda taratibu, hata hakujua ni siku gani.

Gari liliuzwa baadaye, mume wangu alipopandishwa cheo na kuhamishiwa Kerugoya. Tukanunua jingine, jipya. Ndilo tulilokwenda nalo Kangema ndugu yangu mdogo alipooa. Watu walijaa uani kwa mama, chai ikigawiwa, na mama akiwa ameketishwa kwenye kiti, uso umeelekea mahali pasipo na mtu. Mume wangu alimwendea kwa heshima zote, akainama kwa umbali ule unaotakiwa, akamsalimu mbele ya wageni. Akamtazama macho. Nadhani alisikitika kwa kweli, na hilo ndilo nisiloweza kulimeza.

"Maitu," akamwambia, yaani mama, kwa ile sauti yake nzuri ambayo watu walinyamaza kuisikiliza, "si ungesema mapema? Gari ilikuwa inakaa tu nyumbani wiki mzima, na ufunguo uko hapo kwa ukuta."

Wageni wakatikisa vichwa, wakasema huyo ndiye mkwe. Mama akanyoosha mkono hewani upande ilikotoka sauti, akamshukuru, akamwombea baraka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika. Nikammiminia mume wangu chai, kwa sababu kikombe chake kilikuwa kitupu na watu walikuwa wakitazama.